Imani Hupimwa Dukani



Wapendwa Taifa la Mungu, Jumanne iliyopita mpishi wetu alikuwa msibani, nami nikashuka mwenyewe hadi duka la njia panda kununua chumvi na kiberiti. Mwenye duka alikuwa amelifunua daftari la madeni. Kabla hajalifunga, nikaliona neno lililonichoma: “Padre”. Miezi miwili nyuma nilimtuma kijana akaniletee mayai na mkate, nikaahidi kulipa kesho yake. Nikasahau. Deni lilikuwa shilingi 4,500.

“Mama, mbona hukunikumbusha?”

Akainamisha macho. “Nitamdaije Padre?”

Nililipa, nikaomba radhi, nikarudi nimeona haya. Ukurasa ule ulikuwa na majina mengine. Sikuyasoma, kila mwenye jina lake analijua.

Ndugu zangu, kuna fundisho potofu lililoota mizizi kati yetu, nami leo nalipinga waziwazi. Linasema kwamba Mungu hupatikana katika mikesha, hija na makongamano, na kwamba safari ya dukani, foleni ya maji na salamu za jirani ni mambo ya dunia tu. Ndiyo maana mtu anaweza kuchanga nauli ya kwenda Namugongo tarehe 3 Juni, huku mama wa maandazi akimdai tangu Pasaka. Anaweza kusimama Jumapili ya mavuno akatoa ahadi kubwa, watu wakapiga vigelegele, na fedha ile kwa haki ni ya muuza mkaa.

Hija ni njema, na mkesha ni mwema. Lakini sadaka inayotolewa kwa fedha ya mwingine haimpendezi Mungu. Bwana wetu mwenyewe, katika Mathayo 5:23-24, anamwagiza mtu aliye tayari altareni aiache sadaka yake, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Na Mtume Yakobo, katika sura ya 5, anaonya kwamba ujira uliozuiliwa unalia, na kilio hicho kinafika kwa Mungu.

Wengine watasema: “Padre anahangaika na mambo madogo.” Nawauliza: Mwana wa Mungu alifanya nini kabla ya kuanza kuhubiri akiwa na umri wa miaka kama 30? Aliishi Nazareti, kijiji kisicho na sifa, akifanya kazi ya mikono. Je, miaka ile yote ilikuwa ya kupoteza wakati? Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume wa mwaka 2018 juu ya utakatifu, alitoa mfano wa mama anayekwenda kununua mahitaji, akakutana na jirani, umbeya ukaanza, naye akaamua moyoni kutomsema mtu vibaya. Hiyo, alisema, ni hatua ya utakatifu. Hakumpeleka mama yule jangwani. Alimwacha papo hapo, na kikapu chake mkononi.

Simsemi aliyeishiwa, ambaye kila jioni anahesabu sarafu na hazitoshi. Huyo aende kwa mwenye duka aseme ukweli, na sisi wa Jumuiya Ndogo Ndogo tumsaidie. Namsema mwenye nacho anayekawia kwa sababu anayemdai ni mnyonge na hana sauti. Tena namsema yule anayeogopwa kudaiwa kwa ajili ya cheo chake: mwalimu, mwenyekiti, katekista, padre. Heshima tunayopewa na wadogo isigeuke kuwa njia ya kuwadhulumu.

Basi zoezi la juma hili halihitaji nauli. Kabla ya Misa ya Jumapili, pita dukani, genge la mboga, kwa fundi cherehani, kwa kijana wa maji. Uliza: “Unanidai kiasi gani?” Lipa. Kisha njoo altareni; utaona namna “Amina” yako itakavyokuwa nyepesi mdomoni.

Nawatakia juma lenye baraka.

Ni mimi Paroko wenu.