Unene si afya: wazazi waanzie mezani

Mja akiongezeka uzito nchini mwetu, huambiwa kwamba amepata afya, amenawiri, au pesa zimemkubali. Akipungua, huulizwa kama anaugua au ana matatizo nyumbani. Neno afya, ambalo tulilipata kutoka Kiarabu likiwa na maana ya uzima, limegeuka katika mazungumzo ya kila siku kuwa kisawe cha unene. Hapana budi tulirejeshee maana yake, kwani kosa hili la lugha linawagharimu wazazi na watoto wao.

Hofu ya kukonda ina sababu zake. Wazee wetu waliijua njaa. Katika miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipokuwa ukiwamaliza watu, aliyepungua mwili alinyoshewa kidole. Hata hivyo, hali imebadilika. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi, ilhali mwaka 2008-09 walikuwa asilimia 25. Uchunguzi uo huo wa 2014 uligundua kwamba asilimia 26 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Unene na utapiamlo, basi, vinaweza kukaa katika nchi moja, hata chini ya paa moja. Uzito uliopita kiasi hukaribisha kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Mzazi anayeamua kupunguza uzito aghalabu hukosea njia. Hujinyima kiamsha kinywa, akanunua dawa asizozijua, kisha jioni akawakaangia watoto viazi na kuwawekea soda mezani. Njaa ikimzidi, huyamaliza makombo yao kwa kisingizio kwamba kutupa chakula ni dhambi. Baada ya majuma machache huchoka na kurudia alipokuwa. Watoto nao wamejifunza mawili: kwamba chakula bora ni adhabu ya watu wazima, na kwamba mafuta na sukari ni tuzo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Rai yangu ni kwamba mzazi asitafute sufuria ya peke yake. Abadilishe sufuria ya nyumba nzima. Nusu ya sahani na iwe mboga, robo iwe ugali au wali, na robo iwe maharagwe, ndengu, samaki au nyama. Mtoto apakuliwe kidogo, aongezwe akitaka. Hivyo hapatakuwa na makombo ya kumnenepesha mama au baba. Maji yachukue nafasi ya soda. Chupa ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, yaani vijiko saba hivi vya chai. Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati tunayopata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Mama mjamzito au anayenyonyesha asijipunguzie chakula bila ushauri wa daktari.

Wapo watakaosema kwamba chakula bora ni cha matajiri. Ni kweli kwamba matunda na samaki si rahisi kwa wengi. Lakini soda, mafuta ya kukaangia na mkate mweupe havitolewi bure, na githeri haijawahi kuwa chakula cha kitajiri. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miaka mingi kutafiti mboga za kienyeji kama vile mnavu, kunde na mchicha, ambazo wengi walizidharau wakiziita chakula cha maskini. Mboga hizo huota hata katika gunia lililojazwa udongo nyuma ya nyumba.

Walimu na wanafunzi nao wana wajibu. Mwanafunzi mnene asiitwe kibonge darasani, wala mwembamba asiitwe sindano. Kejeli haijampunguza mtu uzito; humfanya ale kwa kujificha au aache kula kabisa. Mtoto anayekua hahitaji kufungishwa njaa. Anahitaji chakula kamili, uwanja wa kuchezea, na kipindi cha michezo kisichoporwa na somo la hisabati mitihani inapokaribia.

Tuanze na ulimi. Tukimwona mzazi mwenzetu amepungua kwa kula vyema na kutembea kwa miguu, tusimuulize anaugua nini. Tumwambie kwamba amepata afya, na neno hilo litakuwa limerudi mahali pake.