Tuwapime Watoto Wetu Macho, Tuwarejeshee na Mwanga wa Nje

Ndugu zangu wa Kiembe Samaki, wazazi, walimu wa skuli na wa vyuo vya Kurani, sheha na wazee wa mtaa,

Nawaandikia kuhusu mtoto ambaye hajalalamika. Yumo darasani, dawati la nyuma. Mwalimu akiandika ubaoni, yeye anakunja uso, anafinya macho, kisha anainama kunakili kwenye daftari la mwenziwe. Mwalimu anamwita mvivu. Nyumbani anaisogelea televisheni mpaka anafokewa. Kituoni, wenziwe wanaitambua gari ya 505 ingali mbali, yeye haisomi namba mpaka imeshasimama mbele yake. Wazee walisema mwenye macho haambiwi tazama, na huyu tunamwambia kila siku atazame ubao.

Mtoto huyu haoni mbali, wala hajui kuwa haoni, kwa sababu hajapata kuona vyenginevyo. Anadhani ubao wa kila mtu una ukungu kama wake. Kwa hiyo hatosema, na sisi watu wazima ndio wa kumgundua.

Jicho lake limerefuka kupita kiasi kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanga unaoingia hukusanyika kabla ya kufika kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Vya karibu anaviona sawasawa, vya mbali vinafifia. Mara nyingi huanza mtoto akiwa na miaka 6 hadi 12, na huzidi jinsi anavyokua. Anayeanzwa mapema ndiye anayeelekea kupata tatizo kubwa zaidi, na likishakuwa kubwa, humuweka katika hatari ya retina kubanduka, presha ya jicho na upofu akiwa mtu mzima.

Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Brien Holden walikadiria kwamba ifikapo 2050 nusu ya watu duniani watakuwa hawaoni mbali. Katika miji mingi ya Asia ya Mashariki, kati ya vijana 10 wanaomaliza sekondari, 8 au 9 wana tatizo hili. Kwetu Afrika bado watoto wenye tatizo hili ni wachache kuliko huko. Maana yake sisi tunayo nafasi ya kuzuia, ambayo wenzetu wameshaikosa.

Na sababu si damu peke yake, ingawa mtoto wa mzazi asiyeona mbali yumo hatarini zaidi. Utafiti uliotolewa 2008 ulilinganisha watoto wa asili ya Kichina wa miaka 6 na 7, wengine wa Singapore, wengine wa Sydney, Australia. Singapore walioathirika walikuwa 29 katika kila 100. Sydney walikuwa 3 tu. Wazazi wao hawakutofautiana sana kwa uoni. Tofauti kubwa ilikuwa hii: watoto wa Sydney walikaa nje ya nyumba karibu saa 14 kwa wiki, wa Singapore saa 3.

Mwanga wa mchana huifanya retina itoe kemikali iitwayo dopamini, ambayo wataalamu wanaamini ndiyo inayolizuia jicho lisirefuke ovyo. Mwanga wa darasani hautoshi kazi hiyo. Hata chini ya kivuli cha mwembe mtoto anapata mwanga mara nyingi zaidi ya ule wa chumbani, kwa hiyo si lazima aungue na jua la saa sita. Guangzhou, China, skuli zilizoongeza dakika 40 tu za kuwa nje kila siku ya masomo zilipimiwa watoto baada ya miaka mitatu: walioanza kutoona mbali walikuwa 30 katika 100, na katika skuli ambazo hazikuongeza walikuwa karibu 40. Taiwan nayo ilianza mwaka 2010 kuhimiza skuli za msingi ziwatoe watoto nje dakika 120 kwa siku, na idadi ya wenye uoni hafifu, iliyokuwa ikipanda miaka yote, ikaanza kushuka.

Sasa tuitazame siku ya mtoto wetu. Asubuhi yuko darasani. Akirudi anakula, anakwenda chuoni, kichwa kimeinamia juzuu. Akitoka huko anaingia twisheni. Usiku anajilaza na simu ya mama karibu na pua. Elimu zote mbili ni wajibu wetu na hakuna anayetaka zipunguzwe. Lakini katika siku hiyo, saa za kurusha tiara na kucheza kibemasa zimekwenda wapi? Mtoto wa kike ndiye anayeumia zaidi. Kaka yake akitoka na mpira, yeye anabaki ndani na vyombo, na nage anaisikia kwa jirani. Jicho lake linauhitaji mwanga sawasawa na la kaka yake.

Viwanja navyo vinakwisha. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na 893,169 kati yao wamo Mkoa wa Mjini Magharibi, mkoa wetu. Watu wakizidi nyumba huzidi, na kipande cha kuchezea ndicho kinachojengwa kwanza kwa sababu hakina wa kukitetea. Tukitetee sisi.

Kupima si kazi ngumu. Kadi ya herufi E hutundikwa kwenye mwanga mzuri, mtoto anasimama mita 6, anaziba jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, kisha anaonyesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi: juu, chini, kulia au kushoto. Halafu jicho la pili. Lazima yapimwe moja moja, maana jicho zima huficha ubovu wa mwenzake. Mwalimu aliyefundishwa na watu wa afya anaweza kazi hii, na mtoto asiyejua kusoma anaweza kuijibu.

Ugumu unakuja baadaye. Trans Nzoia, Kenya, walimu waliwapima watoto zaidi ya 20,000 katika skuli 50. Nusu ya skuli zilitumia kadi ya kawaida, na wazazi wa walioonekana na tatizo wakapelekewa karatasi. Nusu nyengine zilitumia simu yenye programu ya kupimia macho iitwayo Peek. Wazazi wakaonyeshwa kwa picha jinsi mtoto wao anavyouona ubao, kisha wakakumbushwa kwa ujumbe. Katika kundi la kwanza waliofika hospitali walikuwa 22 tu kwa kila 100 waliotakiwa kwenda. Katika la pili walikuwa 54. Mtoto aliyepimwa akaachiwa karatasi mkobani hajasaidiwa kitu. Anayemsaidia ni mtu anayebisha hodi na kuuliza, "Mama, mmeshakwenda?" Kazi hiyo daktari hawezi kutufanyia. Ni ya majirani.

Na miwani ikipatikana, tusiipige vita. Miwani haiharibu macho wala haimfanyi mtoto awe mtumwa wake. Asiyevaa ndiye anayekosa masomo. Karoti ni chakula kizuri, lakini hairudishi jicho lililorefuka. Dawa za kutia machoni bila ya daktari zinaweza kumpofoa mtoto. Na kauli ya kwamba msichana mwenye miwani hatopata mchumba tuiache kabisa. Inamnyima mtoto elimu kwa jambo lisilo na msingi.

Ninachokuombeni, ndugu zangu, ni haya.

Walimu wakuu: kila Januari mwaka wa masomo unapoanza, pangeni siku ya kupima macho kwa watoto wote, mkishirikiana na watu wa afya. Mapumziko yawe nje ya darasa, na anayefinya macho aketishwe mbele wakati anasubiri matibabu.

Walimu wa vyuo: watoeni watoto barazani au chini ya mti mara kwa mara. Mtoto asiuweke msahafu karibu zaidi ya urefu wa kiwiko hadi ngumi, na kila baada ya nusu saa anyanyue kichwa atazame mbali.

Wazazi: mpeni mtoto, wa kiume na wa kike, saa mbili za nje kila siku, hata zikigawanywa asubuhi na baada ya Alasiri. Mwenye umri chini ya miaka miwili asipewe simu kabisa. Wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, kama inavyoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Ukiambiwa mtoto wako ana tatizo, mpeleke kitengo cha macho Hospitali ya Mnazi Mmoja, usingoje likizo.

Sheha na kamati za misikiti: anzisheni mfuko wa miwani wa mtaa, mtoto asikose kuona kwa sababu baba yake hana. Teueni kinamama na vijana wachache wa kufuatilia kila mtoto aliyeandikiwa hospitali mpaka afike. Na kiwanja kilichobaki kiwekeeni mipaka leo, kijulikane kuwa ni cha watoto.

Hakuna hata moja katika haya linalotaka mashine ya gharama au mtaalamu wa kutoka nje. Ijumaa hii, baada ya sala, tukutane tuchague watu wa kuianza kazi, na Januari ijayo asibaki mtoto wa Kiembe Samaki ambaye hajapimwa macho.