Uluguru 1955: Tanzia Isiyohitaji Mashetani

Ipo aina ya mchezo wa mezani ambao hauna karata wala mshindi. Watu wanne au watano huketi pamoja kwa saa kadhaa, kila mmoja huchukua nafsi ya mhusika, nao husimulia kisa kimoja kwa zamu. Walimu wetu wangeuita igizo dhima, ila hapa hakuna hadhira: wachezaji wenyewe ni watunzi, waigizaji na wasikilizaji. Baadhi ya michezo hii imeundwa makusudi iwe tanzia. Kila anayeketi mezani anajua tangu mwanzo kwamba mambo yataishia vibaya, na kinachomshughulisha ni kujua mhusika wake atakuwa amelinda nini siku ya kuanguka kwake.

Ningependa vijana wetu waihamishie michezo hii katika historia ya kwetu. Hata hivyo, kuhamisha si kubadili majina na mavazi tu, na hapo ndipo penye hoja yangu.

Tuchukue mifano miwili. Mchezo uitwao Polaris, wa Mmarekani Ben Lehman, ulitoka mwaka 2005. Wachezaji wanne huigiza mashujaa wa taifa la kubuni, kaskazini ya mbali, ambalo mji wake mkuu umekwisha kuangamia. Anayeketi mkabala nawe ndiye anayesema kwa niaba ya mashetani. Kila unapotaka jambo jema likutokee, yeye anaweza kulikubali kwa sharti litakalokuumiza, nanyi mkabishana bei hadi mwafaka upatikane. Mwisho wa shujaa ni kufa, au kuwasaliti watu wake. Mfano wa pili ni Grey Ranks, wa Jason Morningstar, uliotoka mwaka 2007. Humo wachezaji huwa vijana wadogo wa Poland katika maasi ya Warsaw dhidi ya jeshi la Ujerumani, maasi yaliyoanza tarehe 1 Agosti 1944 na kuzimwa baada ya siku 63.

Katika mchezo wa kwanza msiba unatoka kwa mashetani. Katika wa pili unatoka kwa jeshi la wavamizi. Kwa hiyo anayetaka kuuhamisha mchezo wa namna hii hana budi kujiuliza kwanza: huko ninakoupeleka, msiba ulitoka wapi? Asipojiuliza hivyo, atawavika wahusika wake kaniki na kuwapa majembe, kisha awaache walie kilio cha watu wengine.

Najua wengi watakimbilia Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, nami siwalaumu. Hata hivyo kazi hiyo ilikwisha kufanywa kwa namna yake, na imetuachia funzo. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya Kinjeketile iliyotoka mwaka 1969, hakuiweka tanzia katika bunduki za Wajerumani peke yake. Aliiweka katika imani iliyowaunganisha watu: mhusika wake mkuu anakuja kutambua kwamba maji yaleyale yaliyoleta umoja yataleta maangamizi, na bado hawezi kuyakana bila kuuvunja umoja huo. Hussein aliichukua sanaa ya tanzia, akaitafutia chimbuko la msiba katika ardhi hii.

Sisi wakazi wa Kihonda tunaitazama milima ya Uluguru kila asubuhi, na tunaikumbuka zaidi bomba linapokauka. Katika milima hiyo kuna kisa kinachofaa kuliko vyote ninavyovijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilikuwa ikitekeleza Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru. Sababu iliyotolewa haikuwa ya uongo. Udongo ulikuwa ukimomonyoka miteremkoni na kushuka katika mito inayoulisha Mto Ruvu. Dawa iliyoletwa ilikuwa matuta ya ngazi na marufuku ya kuchoma mashamba, vyote kwa amri. Aliyekaidi alishtakiwa na kutozwa faini. Lakini katika sehemu nyingi za Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu; ukikata ngazi unaufukia, na unauleta juu udongo usiootesha kitu. Tena ardhi yenyewe ilikuwa ya koo, ikirithiwa kwa upande wa mama, na amri ilishuka kana kwamba haina wenyewe. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Haukupita muda mrefu, mpango ukafa.

Ukikisimulia kisa hiki kwa kanuni za Warsaw, utapata mkoloni mbaya na raia shujaa, na mwisho wake utakuwa ushindi. Masimulizi ya namna hiyo tunayo ya kutosha, na hayatufundishi kitu kipya. Tanzia ya Uluguru iko kwingine. Bwana shamba alisema kweli kuhusu udongo, akakosea kuhusu dawa. Mkulima alisema kweli kuhusu dawa, na aliposhinda, udongo uliendelea kushuka. Amri ilipokufa, hifadhi ya udongo ilibaki na harufu ya amri, na kila aliyekuja baadaye na ushauri mzuri alikuta mlango umekwisha kufungwa. Pande mbili zenye haki ziligongana, na mlima ukalipa.

Kwa hiyo mchezo wa Uluguru ungehitaji kanuni yake. Wahusika napendekeza wawe wanne: mama mkulima anayelima ardhi ya ukoo wake, mndewa, mkuu wa eneo, anayebanwa na amri kutoka juu na ndugu zake kutoka chini, msaidizi wa bwana shamba, Mluguru aliyesomeshwa na kuvalishwa sare, na kijana wa TANU, chama ambacho wakati huo kina umri wa mwaka mmoja. Anayeketi mkabala na anayesimulia hasemi kwa niaba ya shetani wala ya mkoloni. Anasema kwa niaba ya mlima: mvua, udongo na mto. Mama akitaka kushinda kesi ya faini, mlima unakubali, kwa sharti kwamba masika yajayo yatakwenda na shamba la dada yake lililo chini ya mteremko. Msaidizi akitaka ngazi zimalizike kabla ya mkaguzi kufika, mlima unakubali, kwa sharti kwamba mahindi ya mwaka huo yatanyauka. Wachezaji hubadilishana kiti hicho, ili kila mmoja aonje kudai na kudaiwa. Mwishoni, badala ya kufa au kusaliti, kila mhusika husimulia atakachomwambia mwanawe kuhusu mlima miaka 20 baadaye.

Wako watakaosema kwamba msiba si mchezo. Nawaheshimu, lakini nawakumbusha kwamba tulio pwani na bara ya karibu tuna utani. Mtani huingia matangani, akaiga mwendo na sauti ya marehemu mbele ya wafiwa, na hakuna anayesema amemdharau. Ameruhusiwa kwa sababu ana mipaka anayoijua. Mchezo huu nao uwe na mipaka. Mtu aliyeuawa Matombo asifanywe mhusika, kwa kuwa ana ndugu. Majina ya koo zilizopo yasitumike. Na kabla ya kanuni kuandikwa, wazee wa Matombo, Kinole na Mgeta waulizwe, kwani huko Mgeta ngazi zipo hadi leo katika bustani za mboga, na hilo peke yake linatosha kuivuruga hadithi nyepesi.

Wengine watauliza kwa nini mhadhara hautoshi. Mhadhara humfanya mwanafunzi ajue kwamba pande mbili zilikuwa na hoja, naye huliandika hilo katika mtihani na kulisahau. Mezani hulazimika kutamka kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya wenzake, kwamba anakubali shamba la dada yake liondoke. Hapo ndipo anapoanza kuelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu aliweza kurusha jiwe, na kwa nini mtu mwema aliweza kuandika hati ya faini.

Nawasemesha hasa watumishi wa umma, kwa sababu kisa hiki hakijaisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Misitu ya milimani ni Hifadhi ya Mazingira Asilia. Bwawa la Mindu, linalotegemewa na mji wetu kwa maji, linaletewa tope kila masika. Afisa ugani anayepangiwa kata ya mlimani anakwenda na hoja ya kweli mkononi na sheria mfukoni, kama alivyokwenda yule wa 1955. Anayemkuta huko naye ana hoja ya kweli: watoto wanakula kutokana na kile kipande cha ardhi kilicho ndani ya mita 60.

Vyuo vya Morogoro hupeleka wanafunzi vijijini kila mwaka kwa mafunzo kwa vitendo. Napendekeza kwamba, kabla ya safari hiyo, wanafunzi wa kilimo, misitu na utawala waketishwe jioni moja kuzunguka meza hii, na mzee mmoja kutoka milimani aalikwe awasikilize na kuwasahihisha. Gharama yake ni karatasi na chai. Anayejiandaa kutoa amri mlimani ajaribu kwanza kukaa katika kiti cha mama mkulima, kisha katika kiti cha mlima.