Tafakari ya Juma: Ufukwe Uliogawiwa Sisi Tukiwa Nyumbani



Wapendwa waamini na ndugu wasomaji wetu, majuma machache yaliyopita walitujia ofisini wazee wanne na mama mmoja muuza samaki, wote wa kigango kimoja cha pwani ambacho hatutakitaja jina. Walikuja na malalamiko. Njia waliyoitumia tangu enzi za babu zao kushukia dikoni imezibwa kwa uzio. Mikoko iliyokuwa kando ya hori imefyekwa. Mama yule sasa huzunguka mwendo mrefu akiwa na ndoo ya samaki kichwani, na afikapo gulioni wateja wamekwisha kununua kwa wengine. Walitaka tuwaandikie barua ya kwenda kwa wakubwa.

Tuliwauliza eneo lile limetolewa na nani. Wakajibu, “Kijiji, Baba.” Kijiji kipi, nasi kijiji ni ninyi? “Lilipitishwa kwenye mkutano mkuu.” Nanyi mlikuwepo? Kimya kikatanda. Hatimaye mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini, “Baba, mikutano ile ni maneno matupu, tuliona heri tubaki na shughuli zetu.”

Baadaye tulipata kuuona muhtasari wa mkutano huo. Waliotia sahihi mahudhurio walikuwa wachache kuliko wanakwaya wetu wa Dominika. Na chini yake kulikuwa na sentensi fupi: ombi la eneo limeridhiwa bila pingamizi. Bila pingamizi! Ndugu wapendwa, maneno hayo mawili yametunyima usingizi, kwa maana hayakuwa ya uongo. Hapakuwa na aliyepinga, kwa kuwa ambao wangepinga walikuwa nyumbani.

Basi juma hili tunataka kusema jambo moja tu, nasi tutalisema bila kupakapaka asali: pwani yetu haipotei kwa sababu ya uhaba wa sheria, wala kwa sababu tu ya ukatili wa wenye fedha. Inapotea kwanza katika mkutano tusiohudhuria.

Tuanze na sheria, kwa kuwa wengi wetu hudhani kwamba maskini hana sheria inayomlinda. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila kwanza kupata kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni nani? Ni kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea: mvuvi, mkulima wa korosho, mama ntilie, katekista, mwalimu wa madrasa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au kingo za mto. Mikoko nayo iko chini ya sheria za misitu na husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, hivyo hakuna mwenyekiti wa kijiji mwenye mamlaka ya kuigawa kana kwamba ni shamba la mihogo. Zaidi ya hayo, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikisikilizwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya.

Ni nini basi tulichonyimwa? Kiti tumepewa. Ni sisi tulioacha kukikalia.

Na kinachopotea si kidogo. Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro karibu na Songea, ukatiririka kilomita zipatazo 800, ukiwa mpaka wetu na ndugu zetu wa Msumbiji kwa sehemu kubwa ya safari yake, hadi unapoikuta bahari hapa kwetu. Huleta udongo na rutuba ya nchi nzima ya kusini. Mikoko ya maingilio yake huudaka udongo ule kwa mizizi, usiende kuyafunika matumbawe. Katika mizizi hiyo hiyo kamba na samaki wadogo hupata maficho hadi wakue. Dhoruba ikija, mikoko huwa ya kwanza kupigwa na mawimbi ili nyumba zetu zisiwe za kwanza. Mnakumbuka mwezi Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja na watu wa Mtwara wakaambiwa waondoke mabondeni na kando ya bahari. Kilitua upande wa pili, Cabo Delgado, kikaleta maafa makubwa kwa majirani zetu. Sisi tulimshukuru Mungu kwa kuepushwa, nayo ni haki. Lakini ni shukrani ya namna gani hii, ya kusali kanisani na kisha kunyamaza ngao yetu inapokatwa boriti?

Nabii Ezekieli, katika sura ya 47, aliona maji yakitoka hekaluni yakielekea mashariki hadi baharini, na kila yalipopita palikuwa na uhai, na wavuvi wakatandaza nyavu zao ufukweni. Tuisomapo sura hiyo hapa Mtwara, hatuhitaji kufumba macho ili kuiona. Lakini nabii huyo huyo, katika sura ya 34, anawakemea kondoo wanono ambao, wakisha kunywa maji safi, huyachafua yaliyobaki kwa miguu yao, ili kondoo dhaifu wanywe matope. Anayeziba njia ya dikoni ili apate mandhari ya kupumzikia ni kondoo mnono. Anayeikokota bahari kwa juya la kokoro, akazoa hata vifaranga vya samaki, ni kondoo mnono, hata kama mfukoni hana kitu. Na mchungaji anayetazama akanyamaza, Ezekieli anayo maneno mazito zaidi kwa ajili yake. Nasi mapadre tumo humo.

Twajua kwamba wapo watakaotupinga. Tuwasikilize kwa heshima.

Wa kwanza husema: “Padre aachane na siasa, ahubiri Injili.” Tunajibu kwamba hatumfanyii kampeni mtu yeyote wala chama chochote, na altare yetu haitakuwa jukwaa. Lakini mkutano mkuu wa kijiji si mali ya chama. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yethro alimwona mkwewe Musa akichoka kwa kuamua kila jambo peke yake, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Ndiyo serikali ya mitaa ya kale! Papa Pius XI aliifafanua hekima ya namna hiyo mwaka 1931 kwa kanuni ya auni: jambo linaloweza kutendwa vema na jumuiya ndogo lisinyang'anywe na kupewa jumuiya kubwa. Na Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliwataka wananchi wazisimamie mamlaka zao, za taifa na za mitaa, ili mazingira yasiharibiwe. Kwa hiyo anayekwenda mkutanoni kutetea hori la kijiji chake hatoki nje ya Injili, bali anaitenda.

Wa pili husema: “Hifadhi ya Bahari ipo, Serikali ipo, wenye kazi yao waifanye.” Ni kweli, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, ikiwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 650, bahari na nchi kavu, na vijiji vimo ndani yake. Hatufichi pia kwamba wapo wavuvi walioiona kama mgeni aliyekuja kuwapimia bahari ya baba zao, na manung'uniko yao yanastahili kusikilizwa. Mgala muue na haki yake umpe. Lakini boti la doria haliwezi kulala katika kila hori. Jicho la kijiji ndilo lisilolala. Tukumbuke miaka ya 1990, milipuko ya baruti ilipokuwa ikisikika pwani ya Mtwara na Lindi na matumbawe yakigeuka kifusi. Wanavijiji, wakiwamo wa Sudi, walisema wazi mbele ya kamera za video yale ambayo watu waliogopa kuyasema, na vijiji vya pwani vikaungana katika shirikisho la kutunza mazingira ya bahari. Dola ilisikia kwa sababu vijiji vilisema. Na ulinzi ulipolegea, baruti ilirudi. Funzo lipo pande zote mbili.

Wa tatu ndiye anayetugusa zaidi. Husema: “Baba, mimi nina watoto watano. Nisipokata mikoko nikauza, watakula nini?” Ndugu yetu huyu hatumrushii jiwe, nasi hatuna haki hiyo. Katika parokia moja tuliyowahi kuitumikia, jiko la mapadre liliezekwa kwa boriti za mikoko, na mchanga wa ujenzi ulichotwa ufukweni. Tuliubariki ujenzi ule kwa maji ya baraka na hatukuuliza hata siku moja boriti na mchanga vilitoka wapi. Tunaungama kosa hilo hadharani. Lakini jibu la njaa si kukata kitalu cha samaki wa kesho. Halmashauri zetu zina wajibu wa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya kufuga nyuki kwenye mikoko hiyo hiyo, vya kulima mwani, vya kutunza miche, vimeomba mara ngapi? Na asiyehudhuria mkutano ataulizaje fedha hizo zimekwenda wapi?

Kila Misa tunakiri kwamba tumekosa pia kwa kutotimiza wajibu. Tunalitamka neno hilo haraka, tukijipiga kifua, kisha tunaketi. Juma hili tulitamke polepole. Kutohudhuria pale ambapo hatima ya maji na ufukwe wa jirani inaamuliwa, hali unaweza kwenda na hakuna kinachokuzuia ila uvivu, si jambo la upendeleo binafsi kama kupenda au kutopenda mpira. Ni kosa dhidi ya mafao ya wengi, na tunawasihi mliingize katika uchunguzi wa dhamiri.

Tufanye nini basi? Hatuzungumzii kile kinachoitwa siku ya usafi, ambapo tunaokota chupa asubuhi, tunapiga picha na mabango, na jioni tunanunua maji katika chupa zile zile. Usafi ni mwema, lakini ufagio hauzuii uzio. Tunapendekeza haya matatu.

Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo iliyo kijijini ijue tarehe ya mkutano mkuu, ambao hupaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na siku hiyo jumuiya isipange ibada wala mazoezi ya kwaya. Walio mjini katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani wafanye vivyo hivyo kwa mkutano wa mtaa, kwani maji ya mitaro yao huishia bahari ile ile.

Pili, tuende mapema, tuketi pamoja na ndugu zetu Waislamu, ambao katika vijiji vingi vya pwani ndio walio wengi na ambao nao hufundishwa kwamba dunia ni amana. Tukubaliane nao kabla ya mkutano: njia za kushukia dikoni zibaki wazi, mita 60 ziheshimiwe, taka zisitupwe horini, na iwepo sheria ndogo yenye faini inayolipwa na mkubwa kwa mdogo.

Tatu, tuombe muhtasari usomwe kwa sauti, na aliye na pingamizi aseme liandikwe. Pingamizi lililobaki kifuani halina nguvu mbele ya ofisa yeyote, wilayani wala mahakamani.

Nehemia alipoujenga upya ukuta wa Yerusalemu, wengi walijenga sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe. Ukuta ule ulisimama kwa sababu kila mmoja alijua sehemu yake. Sehemu yetu ni hori lililo mbele ya nyumba zetu.

Na wale wazee wanne na yule mama? Barua hatukuiandika. Tuliwaomba waiandike wao, waitie sahihi zao, na kudai suala la eneo lile lirudishwe mbele ya mkutano mkuu ujao, hatua zipimwe kutoka alama ya maji kujaa hadi kwenye uzio. Mama yule alituuliza, “Baba, nawe utakuja?” Tulimjibu kwamba tutakuja, tutakaa nyuma kabisa, na tutanyamaza, kwa kuwa sisi si wakazi wa kijiji kile na kauli si yetu. Uzio bado upo. Tusiahidiane kwamba utaanguka. Lakini safari hii asiwepo wa kuandika tena “bila pingamizi”.

Tunawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka. Bikira Maria, Nyota ya Bahari, atuombee.

Tumsifu Yesu Kristo.