Mapambo ya Krismasi yasigeuke sumu nyumbani

Krismasi imepita. Waliokwenda mashambani wanarudi na magunia ya mahindi, na kila mzazi anapiga hesabu ya karo. Hata hivyo, ukitembea Kawangware kuanzia kituo cha 56 hadi Gatina, utaona mapambo yangali yananing'inia: baluni zilizonywea mlangoni pa kinyozi, taa za rangi katika saluni, karatasi za kumetameta kwenye dari ya chumba ambamo familia nzima hulala, hupika na kula. Baadhi yatakaa hapo hadi Pasaka. Mengine yatasukumwa uvunguni mwa kitanda, na yaliyosalia yatachomwa nyuma ya ploti.

Maoni yangu ni kwamba njia zote hizo tatu ni mbaya kwa afya, na wanaoumia kwanza ni watoto wetu wadogo.

Huenda ukasema kwamba mti wa Krismasi ni mambo ya watu wa Lavington, si ya mtu anayeishi katika chumba kimoja cha mabati. Mimi naona kinyume. Mwenye nyumba ya vyumba vitano ana stoo ya kufungia mapambo yake, na mtoto wake hayaoni hadi mwaka ujao. Wewe huna stoo. Mapambo yako yanakaa mita moja kutoka kwa jiko, na nusu mita kutoka kwa mtoto anayetambaa. Kwa hivyo ni wewe hasa unayehitaji kujua jinsi ya kuyaweka.

Tuanze na mti wenyewe. Wengi wetu hutumia tawi la saipresi linalokatwa uani au kununuliwa kando ya barabara. Tawi hilo lina utomvu, na likikauka hushika moto haraka sana. Baada ya wiki mbili ndani ya nyumba yenye jiko la makaa, mshumaa au waya zilizounganishwa kinyemela, halifai kuitwa pambo tena. Litoe mapema. Wakristo wengi huhesabu siku 12 za Krismasi hadi Januari 6, sikukuu ya Epifania. Hiyo ni tarehe nzuri ya kuwa umemaliza kazi yote.

Pili ni taa. Chomoa kwenye soketi kwanza, na ushike plagi yenyewe, usivute waya. Kagua waya kwa vidole na kwa macho. Ukiona mahali palipochubuka, palipoyeyuka au palipotafunwa na panya, zitupe. Kuzifunga kwa utepe wa plastiki ili zikusukume mwaka mmoja zaidi ni kujidanganya. Zilizo nzima zizungushe kwenye kipande cha katoni ili zisijikunje na kukatika ndani.

Kuna taa na kadi za muziki zinazotumia betri bapa, ndogo kama kitufe cha shati. Ndugu msomaji, hapa nakuomba usome mara mbili. Mtoto akimeza betri hiyo ikakwama kooni, yaweza kuunguza umio kwa muda wa saa mbili tu, hata kama ilikuwa imeisha nguvu na haiwashi taa tena. Usimtapishe na usingoje aione chooni. Mkimbize hospitalini saa hiyo hiyo. Kabla ya kuhifadhi mapambo, toa betri zote na uziweke mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti.

Baluni nazo zisichukuliwe kama mchezo. Kipande cha baluni iliyopasuka huweza kuziba koo la mtoto kabisa, kwa kuwa hujikunja kulingana na umbo la koo lenyewe. Nyumba zinazolea watoto mchana, ambazo ni nyingi mtaani kwa sababu akina mama wanaamkia vibarua, ziziondoe baluni zote kabla ya watoto kurudi Januari. Mama, unapompeleka mtoto asubuhi, inua macho uangalie dari, kisha utazame sakafu.

Sasa tuzungumzie mahali pa kuhifadhi. Katoni iliyo uvunguni ni hoteli ya mende na panya. Vumbi na mabaki ya mende huchochea pumu, na mkojo wa panya huweza kubeba viini vya maradhi. Isitoshe, mvua za masika zikifika kati ya Machi na Mei, maji huingia katika nyumba nyingi za bondeni, na katoni hulowa na kuota ukungu. Desemba ijayo unaifungua, unapuliza vumbi, na mwenye pumu anakohoa usiku wa Krismasi.

Dawa yake ni rahisi. Tafuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kama ile ya rangi au ya mafuta ya kupikia, uioshe kwa sabuni na kuikausha juani. Futa kila pambo kwa kitambaa chenye unyevu, liache likauke, kisha lipange ndani. Ya kioo yafungwe kwa gazeti. Hata hili unalosoma litafaa ukishalimaliza. Funika barabara, iweke juu ya kabati, lakini si juu ya jiko.

Tafadhali usitie ndani vile vidonge vyeupe vya nondo, vya naftalini. Mtoto huvidhania peremende. Wapo pia watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana zaidi kwa jamii zilizoishi na malaria kwa karne nyingi, kama za Nyanza, Magharibi na Pwani. Kwao naftalini huvunja chembe nyekundu za damu. Ukiona mtoto amelegea, macho yamekuwa ya manjano na mkojo ni mweusi kama chai ya rangi, wahi hospitalini. Akiwa amemeza kidonge, usimpe maziwa kama tulivyozoea kufanya kwa kila sumu; mafuta yaliyomo huisaidia naftalini kuingia mwilini upesi.

Na yale yasiyofaa tena? Yasichomwe. Plastiki ya waya na ya karatasi za kumetameta ikiungua hutoa moshi unaowasha macho na kifua, pamoja na sumu za dioksini zinazodumu mwilini miaka mingi. Katika ploti ambamo milango inatazamana, moshi wako ndio pumzi ya mtoto wa jirani. Sheria ya mwaka wa 2022 kuhusu taka inatutaka tutenganishe zinazooza na zisizooza. Tawi la saipresi liende upande mmoja, plastiki upande mwingine, na vijana wanaozoa taka walipwe haki yao.

Nina pendekezo moja kwa makanisa na wenye ploti. Kanisa lina kabati linalofungwa kwa kufuli. Ploti huwa na kona isiyotumika. Kwa nini familia kumi zisiweke ndoo zao pamoja, kila moja ikiwa na jina, hadi Desemba? Haigharimu chochote, na chumba kidogo hupata nafasi ya kupumua.

Januari ni mwezi mgumu na hakuna aliye na pesa za kulipia kitanda cha hospitali kwa sababu ya pambo lililonunuliwa kwa furaha. Jumamosi hii tenga saa moja, uwashirikishe watoto wakubwa, na umalize kazi. Kinga ni bora kuliko tiba.