Bond akibadilika, nani atakaa mezani pa Moneypenny?

Mwezi wa pili mwaka wa 2025, ilitangazwa kwamba kampuni ya Amazon MGM ndiyo itakayoongoza ubunifu wa filamu za James Bond. Mwezi wa sita mwaka huo, Denis Villeneuve wa Canada akatajwa kuwa mwongozaji wa filamu ijayo. Tangu hapo wapenzi wa sinema wanabishana juu ya jina moja tu, la yule atakayechukua bastola ya 007. Lakini kuna swali jingine linalowagawa mashabiki wa siku nyingi, nalo linastahili kusikilizwa: wale wanaomzunguka Bond watabaki, au wataondolewa wote?

Wanaozungumziwa ni watu wa pembeni. M ni mkuu wa idara ya ujasusi ya Uingereza, anayetoa amri na kukaripia. Q ni fundi wa vifaa, yule wa saa yenye msumeno na kalamu inayolipuka. Moneypenny ni katibu anayekaa mbele ya mlango wa mkuu na kumtania Bond kila anapopita. Felix Leiter ni rafiki wa Bond kutoka shirika la ujasusi la Marekani. Kila mmoja wao huonekana kwa dakika chache, kisha Bond anaondoka kwenda zake.

Dakika hizo chache ndizo zinazowafanya watazamaji wajisikie nyumbani. Kuanzia mwaka wa 1962 hadi 2021 zilitoka filamu 25, na Bond alichezwa na wanaume 6. Desmond Llewelyn alicheza Q katika filamu 17, kuanzia 1963 hadi 1999, akawahudumia Bond 5 tofauti. Lois Maxwell alikuwa Moneypenny katika filamu 14. Sura ya Bond ilibadilika, lakini mlango ulikuwa uleule, na yule aliyeketi mbele yake alikuwa yuleyule. Aliyewahi kuhama makwao hahitaji kufundishwa jambo hili: mahali papya panaanza kuvumilika siku unapoona sura moja unayoijua.

Ndiyo maana kuwaambia mashabiki wanaolalamika kwamba “ni filamu tu” ni kuwaonea. Malalamiko yao yana msingi. Ila yako ya aina mbili, na watu wengi huyachanganya. Kuna lalamiko linaloelekezwa kwa mwenye kazi: kwa nini mmemwondoa huyu, na huyu mpya mmempa kazi gani? Na kuna lalamiko linaloelekezwa kwa aliyeajiriwa: wewe umekuja kufanya nini hapa? La kwanza ni haki ya mtazamaji. La pili ni uonevu.

Historia ya filamu hizi inaonyesha kwamba lalamiko la kwanza mara nyingine lilikuwa la kweli kabisa. Mwaka wa 1987 Roger Moore alikuwa ameondoka, akaingia Timothy Dalton. Lois Maxwell naye aliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na Caroline Bliss, kijana wa miaka ya 20 na kitu. Waliosema Bond kijana anahitaji ofisi mpya wangeweza kueleweka, lakini ofisi haikuwa mpya. Q alibaki, na Llewelyn alikuwa na miaka zaidi ya 70. M alibaki, akichezwa na Robert Brown. Aliyeonekana kuwa amezeeka ni mwanamke peke yake. Shabiki aliyenung'unika mwaka ule hakuwa mkaidi. Aliona kwamba uzee wa mwanamume uliitwa hekima, na uzee wa mwanamke ukahesabiwa kuwa kasoro.

Naye Caroline Bliss hakutendewa haki. Alipewa meza ya mtu aliyependwa kwa miaka 23, akapewa maneno machache na filamu 2 tu, ya 1987 na ya 1989. Watu wakasema hakufaa. Lakini ni nani angefaa kwa kazi ndogo namna ile? Mpishi hapewi unga wa mkono mmoja kisha akalaumiwa kwamba wageni hawakushiba.

Mfano wa Felix Leiter unaliweka wazi zaidi. Kati ya 1962 na 1989 alionekana katika filamu 7, akachezwa na watu 6. Alikuwa mwembamba leo, mnene kesho, mwenye mvi safari hii, kijana safari ijayo. Hapakuwa na kilio kikubwa. Wengine wanaweza kusema huo ni ushahidi kwamba watazamaji huzoea kila kitu. Ukweli ni kinyume: hawakulia kwa sababu hawakuwahi kupewa mtu wa kumpenda. Jeffrey Wright alipoichukua nafasi hiyo mwaka wa 2006, akairudia 2008 na 2021, Leiter akawa mtu mwenye uchovu wake, mzaha wake na urafiki wa kweli. Alipokufa katika filamu ya 2021, kifo chake kilikuwa na uzito. Ukubwa wa kilio cha mashabiki hupimwa kwa kazi iliyowekwa katika nafasi ndogo. Kampuni inayoogopa kilio hicho ingepaswa kukiona kuwa sifa.

Basi, mabadiliko yafanywe namna gani? Majibu yamo ndani ya filamu zenyewe.

La kwanza ni kumheshimu anayeondoka. Bernard Lee, M wa kwanza, alifariki mwezi wa kwanza mwaka wa 1981, baada ya filamu 11. Katika filamu iliyotoka mwaka huo hakuwekwa mtu mwingine haraka kwenye kiti chake. Ilisemwa tu kwamba M yuko likizoni. Llewelyn naye, katika filamu yake ya mwisho ya 1999, alipewa nafasi ya kumpa Bond mawaidha kisha akashuka polepole chini ya sakafu mbele ya macho ya watazamaji. Wiki chache baadaye alifariki katika ajali ya gari. Hakuna aliyejua kwamba ile ingekuwa kwaheri, lakini watazamaji walibaki na kitu cha kushika.

La pili ni kutouficha wasiwasi wa watazamaji. Mwaka wa 1995 kiti cha M kilipewa Judi Dench. Katika maisha ya kweli, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, MI5, ilikuwa imekwisha kuongozwa na mwanamke, Stella Rimington, tangu 1992. Hata hivyo wapo waliotikisa kichwa. Filamu haikujifanya kwamba watu hao hawapo. Mfanyakazi wa ofisini anamsema mkuu mpya vibaya bila kujua kwamba amesimama nyuma yake. Bond mwenyewe anamdharau, naye anamjibu kwa ukali usoni kwamba mawazo yake ni ya zamani. Mashaka ya mtazamaji yaliwekwa mezani yakajibiwa. Miaka 17 baadaye, M huyohuyo alipokufa mikononi mwa Bond, kifo chake ndicho kilichobeba uchungu wa filamu nzima.

La tatu, na ndilo kubwa kuliko yote, ni kumpa anayeingia kazi yake mwenyewe. John Cleese, mchekeshaji mkubwa wa Uingereza, aliingia mwaka wa 1999 kama msaidizi wa Q, na koti lake likanaswa na mlango wa gari. Watu walicheka. Mwaka wa 2002 akapewa jina la Q lenyewe, na baada ya hapo hakuonekana tena. Alipewa kichekesho kabla ya kupewa mtu wa kumcheza.

Linganisha na mwaka wa 2012. Baada ya filamu 2 zisizo na Q wala Moneypenny, walirudi wote wawili wakiwa wapya. Ben Whishaw, kijana mwembamba, anakutana na Bond katika jumba la picha, National Gallery, mjini London. Bond anaushuku ujana wake, kama walivyoushuku watazamaji. Whishaw hakuigiza uzee wa Llewelyn. Alikuwa fundi wa zama za kompyuta, mwenye majivuno kidogo, na baadaye anafanya kosa kubwa linalomfungulia adui milango ya idara. Naye Naomie Harris, Moneypenny wa kwanza mweusi, anaanza akiwa jasusi mwenye bunduki huko Uturuki, na risasi yake inampata Bond kwa bahati mbaya. Jina lake linatajwa mwishoni tu, watazamaji wakiwa wamekwisha kumjua. Meza ile aliikalia kama mtu aliyetoka kazini na kuchagua kukaa.

Huku mashariki mwa Kongo kuna jambo la kuongeza. Filamu hizi mara nyingi hutazamwa zikiwa na sauti za Kifaransa. Basi anayeapa kwamba Q wa kweli ni yule mzee, pengine hajawahi kusikia sauti ya mzee huyo hata siku moja. Alisikia sauti ya mtu aliyekaa studio, akaikubali bila ugomvi kwa sababu kazi ilifanywa vizuri. Moyo wa mtazamaji ni mpana kuliko anavyodhani mwenyewe.

Kwa hiyo lile lalamiko la pili halina utetezi. Mwaka wa 2005 Daniel Craig alipotajwa kuwa Bond, kuna waliotaka filamu yake isusiwe kabla haijatoka. Habari zilipovuja mwaka wa 2019 kwamba Lashana Lynch, mwanamke mweusi wa Uingereza, angebeba namba 007 katika filamu ya 2021, alishambuliwa kwa matusi kwenye mitandao hadi akakaa mbali nayo kwa muda. Watu walimtukana kwa kazi ambayo hawakuwa wameiona hata dakika moja. Mwandishi wa hadithi hakutafutwa, mtayarishaji hakutafutwa. Alitafutwa msichana aliyeitwa kazini akaitika.

Sasa Amazon MGM ina njia mbili. Inaweza kuwabakiza Whishaw, Harris na Ralph Fiennes, M wa sasa. Mwaka wa 2006 hadithi ya Bond ilianzishwa upya kabisa, lakini Judi Dench alibakizwa. Kwa hesabu ya miaka haikueleweka, na bado ilifaa. Au inaweza kuanza na watu wapya wote, kwa kuwa Bond wa Craig alikufa mwaka wa 2021 na marafiki zake walimwombolezea. Njia zote mbili zinaweza kufika. Isiyofaa ni ile ya 1987: kumwondoa mmoja kwa sababu ya umri wake au sura yake, kumpa mgeni meza tupu, kisha kumwachia yeye peke yake hasira ya watu.

Nao mashabiki wana kazi yao. Wadai, wapige kelele, waulize maswali magumu kwa wenye mali na waandishi. Anayeketi mezani kwa mara ya kwanza wamwache aseme neno lake la kwanza. Akishindwa, waangalie kwanza kama alipewa maneno ya kusema.