Daftari la zaka lililomo ndani ya kompyuta

Misikiti kadhaa sasa imeacha daftari la karatasi. Majina ya mayatima, wajane na wanaopokea zaka huhifadhiwa katika kanzidata. Siri ya kaya hizo ni amana, na ikivuja, aibu humwangukia aliyesaidiwa, si sisi tuliokabidhiwa.

Wengi hudhani nywila inatosha. Haitoshi. Programu inayoihudumia kanzidata, kama vile MySQL, hupokea maombi kutoka nje. Mwizi akipata ufa ndani yake hutenda kwa jina lake, na hufika popote ambapo yenyewe imeruhusiwa kufika. Katika utaratibu wa kawaida mwenye faili ndiye huamua nani alisome, na msimamizi mkuu wa mfumo karibu hazuiliwi na lolote.

Ndipo ukaja utaratibu wa idhini ya lazima. Ulio mashuhuri ni SELinux, uliotolewa na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani mwaka 2000 na kuingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2003. (Tunajua jina la shirika hilo linavyopokewa miongoni mwetu, ila msimbo huo uko wazi, na kila mjuzi aweza kuukagua.) Humo kila programu na kila faili lina alama. MySQL, yenye alama mysqld_t, huandika katika mafaili yenye alama mysqld_db_t, husikiliza mlango namba 3306, na hupewa machache mengine ya kazi yake. Lisilotajwa katika sera limekatazwa, hata kama programu inaendeshwa kwa jina la msimamizi mkuu. Anayekataa ni kiini chenyewe.

Balaa huanzia kwa mafundi wenye haraka. Data zikihamishiwa diski mpya, programu hukataa kuwaka, kwa kuwa folda mpya haina alama inayostahili. Fundi huandika setenforce 0, kazi ikaendelea, na kamati ikamshukuru. Kumbe mlinzi wa mashine nzima amebakishwa kuandika makosa tu, bila kumzuia yeyote! Tiba ya haki ni kusajili alama ya folda kwa semanage fcontext, kisha kuibandika kwa restorecon. Ni kazi ya dakika chache.

Basi kabla ya kumlipa fundi, mwambieni aandike getenforce mbele yenu. Jibu linalotakiwa ni Enforcing. Likitoka Permissive au Disabled, muulizeni ni nani aliyemwondoa mlinzi, na tangu lini.